Krimu ya keki ya harusi ilivyoishia kwenye rejeta la Landrover ya mjomba

PWAAP! Halafu shiiiiiii...

Huo mlio bado ninao masikioni. Mtu akifungua soda karibu yangu nashtuka.

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni binti wa Mlola, kule milimani Lushoto, elimu yangu ni ya kidato cha nne tu, kwa hiyo mkikuta kosa la uandishi mnivumilie. Ila kwenye ukweli hapa hakuna chumvi. Nilikuwepo na nilinusa kila kitu.

Naoka keki. Nilijifunza kwenye simu, nikaanza na keki za birthday za watoto wa jirani, na ndoto yangu ni kuwa na duka langu pale Lushoto mjini lenye kioo mbele na jina langu juu. Msicheke, rangi ya maandishi nimeshachagua.

Sasa rafiki yangu Joyce, tuliyekaa naye dawati moja, akapata mchumba. Akasema keki ya harusi anaoka huyu, hataki mwingine. Mama yake hakuafiki. Aliniambia mbele ya watu: "Mwanangu, mimi nakupenda, lakini Ijumaa jioni nisipoiona hiyo keki kwa macho yangu, naagiza ya dukani."

Kwa hiyo ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Keki yangu ya kwanza ya harusi, na kanisa zima litaiona.

Ijumaa asubuhi keki ilikuwa tayari, ngazi mbili, kila moja kwenye boksi lake. Krimu nyeupe nilibeba pembeni kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, niipake nikifika ili barabara isiichubue. Ile ya ute wa mayai na sukari laini, inayokauka ikawa ngumu. Sukari yenyewe niliagiza Tanga. Yaani krimu ikiisha, imeisha.

Usafiri wa kwenda kwa kina Joyce, Lushoto? Landrover ya mjomba.

Hapa nisimame kidogo. Wanaume wa kwetu na Landrover ni kama wameoana nazo. Ukimwambia mjomba gari limechoka anakununia siku nzima. Mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Tangi la mafuta limezibwa kwa sabuni ya mche. Kiti cha abiria ni ndoo ya rangi iliyowekewa mto. Na mfuniko wa rejeta, wakuu, ni GUNZI LA MUHINDI lililovingirishwa mfuko wa nailoni.

Nilimuuliza, "Mjomba, kwa nini usinunue mfuniko?"

Akanijibu, "Wa nini? Huu unafanya kazi tangu masika."

Basi tukiwa tunapanda kuelekea Magamba, PWAAP. Gunzi limeruka, limegonga boneti kwa ndani, na maji ya moto yote yamemwagika. Moshi mweupe mpaka barabara haionekani.

Mjomba akashuka anacheka. "Limepata hewa tu hili."

Akatokea Baba Asha, mkulima wa kule juu, na tenga la karoti kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka tenga chini, akachungulia kama daktari. Akachagua karoti nene, akaichonga kwa kisu, akaichomeka kwenye mdomo wa rejeta.

"Hii imebana kuliko ya kiwandani," akasema.

Tukajaza maji ya mfereji, tukaondoka. Unajua karoti ikikaa kwenye maji yanayochemka inakuwaje? Hata mtoto anajua. INAIVA. Tulipoingia msituni ilikuwa laini kama ya kwenye pilau, ikazama ndani. Tukasimama tena. Na sasa yakaonekana maji yanachuruzika chini pia, rejeta lilikuwa na ufa.

Ndipo akaja Mzee Hoza na wenzake wawili, wanatoka kutazama miche yao. Huyu mzee zamani aliendesha malori ya mbao, na mpaka leo akipita penye gari bovu lazima atoe hukumu.

Nikasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umebeba nini kwenye hiyo ndoo?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na wasichana wa milimani mtanielewa. Kwetu ukishamwamkia mzee, akakuita mjukuu, akakuomba kitu barabarani, unamkatalia kwa mdomo upi? Nikafungua.

Mzee akaona krimu iliyoganda kwenye ukingo wa ndoo. Akaigonga kwa ukucha. Ko, ko.

"Hoo! Hii si saruji hii!"

"Babu, ni krimu ya keki ya harusi."

"Nimesikia. Lakini imeshika kuliko saruji. Lete kidogo tuzibe ufa, gari liende, harusi iwepo. Au unataka harusi bila keki?"

Namtazama mjomba anitetee. Mjomba anatikisa kichwa kwa heshima! "Mzee amefikiri mbali," anasema.

Wakachota kwa jani. Wakapiga plasta rejeta la moto kwa krimu yangu, na mzee mmoja akailainisha kwa kidole kama anasawazisha ukuta. Watu wazima watatu, wenye wajukuu, wanapamba gari.

Jamani, ni SUKARI. Juu ya chuma cha moto, penye maji. Iliyeyuka kabla hawajamaliza kusifiana. Ikawa asali ya kahawia inatiririka kwenye injini, na harufu nzuri kweli, nitakuwa muongo nikisema vingine.

Mzee Hoza hakuona haya hata kidogo. "Plasta moja haitoshi. Hata nyumba hupigwa mara mbili. Lete tena."

Nikaikumbatia ile ndoo. Nikasema: "Babu nisamehe. Hii huipati."

Mwenzake akasema, "Watoto wa siku hizi, umewaona?" Mjomba akainama anatazama viatu vyake.

Sijui ningefanywa nini, ila msitu wenyewe ulijibu. Nyuki! Alikuja mmoja, wakaja kumi, mara boneti zima linavuma. Mzee Hoza aliyekuwa anatembea kwa fimbo niliona anakimbia bila fimbo. Mjomba alijifungia kwenye gari na kamba yake ya katani.

Nilichukuliwa hapo na lori la kabichi lililokuwa linashuka Lushoto. Dereva wake hakuuliza swali, alishika boksi moja, mimi la pili na ndoo. Lori lake lilikuwa na mfuniko wa rejeta wa chuma, nilimuuliza.

Nilifika jua bado lipo. Mama Joyce alifunua maboksi, akanitazama nywele zilizojaa majani ya kabichi, akasema tu, "Ingia jikoni, mwanangu."

Nilichojifunza, wakuu: gari si sufuria. Mboga ibaki mboga na kifaa kiwe kifaa. Anayekwambia "hii imebana kuliko ya kiwandani" mwache na karoti yake. Na adabu ni nzuri, shikamoo nitatoa mpaka nazeeka, lakini haijaandikwa popote kwamba baada ya shikamoo unafungua ndoo.

Mjomba ni mzima, alivimba shavu moja tu. Bado anasema kosa lilikuwa la nyuki.

Tuambieni na nyie mliwekewa nini kwenye magari: ndizi, ugali, soksi za mtu, tucheke pamoja. Mafundi wa kweli mkiwa humu mseme pia, nawaheshimu.

Ah, keki. Krimu iliyobaki ilitosha mbele na ubavuni. Nyuma ilibaki kahawia tupu, upana wa sahani. Jumamosi niliwahi ukumbini kabla ya mtu yeyote, nikaigeuza uchi wake uelekee ukutani. Halafu nikaingia mwenyewe katikati, mgongo ukutani, nikasimama hapo na gauni langu jipya mpaka Joyce alipoikata.