Mtoto wa Kushikia Nafasi

Kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa, nilisafiri na mama mkwe kutoka Mgori kumpeleka mwanangu kwa baba yake, aliyekuwa akifanya kazi Tabora. Nilikuwa nimeshazika wawili. Huyu wa tatu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, na mgongoni kwangu hakushuka ovyo.

Lori lilitushusha Manyoni, tukasubiri treni. Ilipofika, weee! Watu walivamia milango ya daraja la tatu, wengine wakapitisha mizigo dirishani kushikia nafasi. Mama mkwe alikuwa amewahi kupanda treni mara moja, basi akajiona mwenyeji. Akaniambia mzigo watu wanausukuma kando, lakini mtoto hakuna wa kumwondoa. Akamfungua mgongoni kwangu, akampitisha dirishani kwa mwanamke tusiyemjua. Ningesema nini? Kwetu mkwe habishiwi. Nikajitwisha mzigo, nikamfuata mlangoni.

Hatujaufikia mlango, treni ikaanza kwenda.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka nimetupa mzigo, nakimbia kando ya reli, nachungulia kila dirisha, na kila dirisha lina sura nyingine. Nilimchukia mama mkwe, Mungu anisamehe, nilimchukia kabisa. Kumbe yuko mbele yangu, na magoti yake mabovu, anakimbia kanga mkononi. Pumzi zikamwishia, akasimama, akanishika mkono. Tangu niolewe hakuwahi kunigusa.

"Nimekuulia mtoto, mwanangu," akasema.

Muuza mayai mmoja alitufuata na mzigo wetu, anatushangaa. Akasema treni haiondoki, inasogea tu injini ikanywe maji pale kwenye tangi. Manyoni nzima inajua hilo. Sisi wa Mgori tungejuaje? Kweli, tuliikuta imesimama. Tukapanda. Mtoto alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, anatafuna kipande cha mkate, na yule mwanamke anawafukuza waliotaka kukaa.

Mama mkwe akajifuta jasho, akafunga kilemba upya. "Si nilikwambia nafasi itakuwepo?"

"Ndiyo, mama," nikaitikia. Nilitaka kulia, nilitaka kumng'ata. Nikampakata mwanangu, yeye akaketi kando yangu, uso kaugeuzia dirishani kama mtu asiye na neno. Lakini chini ya kanga alikuwa ameukamata mguu wa mtoto, na hakuuachia mpaka Tabora.