Gari Ambalo Sikulala Ndani Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nililazwa nyuma ya gari. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima na viatu vya kaka yangu, nimekuja kuandikwa udereva katika zahanati ya wakfu hapa Mji wa Kale, na leseni yangu nimeishika mkononi ili kila mtu aione. Msimamizi wa Gereji, mzee mfupi wa Kimvita aliyekuwa mkubwa wa madereva wote, hakuitazama. Alifungua mlango wa nyuma, akanionyesha machela kwa kidevu.

"Lala," akasema.

"Mimi ni dereva, Mzee."

"Dereva nitamyuwa nikimuona. Leo wewe ni mgonjwa. Lala, ufumbe mato, usishike kitu."

Nikalala. Akaniendesha kutoka Ndia Kuu hadi Feri, akazunguka Ganjoni, akarudi. Mtu akikaa kwenye kiti hajui barabara ilivyo. Akilala chali huku amefumba macho, kila shimo humwingia uti wa mgongo, kila breki humpeleka damu kichwani, na kila kona humtafutia upande wa kumwangusha. Tuliporudi akaniuliza, "Mgonjwa ameumia wapi?" Nikamtajia matuta mawili na kona ya Mbaraki. Akasema, "Basi hapo ndipo utakapopunguza mwendo mpaka siku utakayoacha kazi." Ndipo akaitaka leseni yangu.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mmezaliwa mkiyakuta magari mapana ya juu, haya mnayoyaita SUV, na mnadhani ndiyo yaliyokuwako tangu zamani kwa kazi nzito. Sivyo. Gari letu lilikuwa stesheni wagoni, lile gari refu la familia ambalo buti lake limeungana na chumba cha abiria, ukilaza kiti cha nyuma unapata sakafu moja ya kulaza mtu mzima na miguu yake. Lakini letu lilikuwa limeinuliwa. Mvua za masika zikinyesha kisiwa hiki hujaa maji hadi mtu akajiuliza kama ardhi itaonekana tena, na gari la chini huzimika njiani na mgonjwa ndani.

Kuinua gari ni ufundi, nanyi mkiona gari limesimama juu juu msidhani kila aliyeliinua ni fundi. Nyuma tuliongeza jani moja katika springi, yaani vile vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mbele tulitia springi za mviringo zilizo ndefu kidogo. Kisha tukabadilisha shoki, lile bomba linaloizuia springi isiendelee kudunda baada ya shimo, maana springi ndefu kwenye shoki fupi ni kumtesa mgonjwa makusudi. Bomba la moshi tulilipandisha lisinywe maji. Vyote hivyo vililiinua gari vidole vinne tu. Gereji za mtaani ziliinua kwa kupachika mipira chini ya springi, gari likapanda shubiri nzima, likayumba kwenye kona kama mlevi. Dereva mmoja alipoomba letu liongezwe kidole cha tano lipendeze, Msimamizi wa Gereji alimjibu, "Hili limeinuka kwa ajili ya mai ya masika. Halikuinuka kwa ajili ya mato ya watu."

Uzuri wake ni kwamba lilipita majini kama gari la juu, lakini sakafu yake ilibaki usawa wa kiuno cha mwanamke. Msilione jambo dogo hilo. Mchana wanaume wako bandarini na madukani, nyumba za Mji wa Kale zimebaki na kina mama, na ni wao wanaombeba mgonjwa kumtoa. Wanawake wawili waliweza kuitelezesha machela ndani bila kuiinua. Tena lilikuwa jembamba, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu. Tukikunja vioo vya pembeni tuliingia kwenye vichochoro ambavyo mkokoteni huomba radhi kwanza, tukarudi kinyumenyume hadi kizingitini kwa mgonjwa.

Kila gari lililotoka kutengenezwa, na kila gari jipya, lilikuwa na fomu ya kupokelewa. Breki, taa, gia, usukani. Swali la mwisho aliliongeza Msimamizi wa Gereji mwenyewe kwa mashine ya chapa: *Anayepokea amelala nyuma? Ndiyo au La.* Bila "Ndiyo" gari halitoki. Kwa hiyo nami nililala, miaka na miaka, na kila nilipolala nilirudi nyumbani na vumbi mgongoni. Mke wangu, mamake Salma, alikuwa akinipokea mlangoni, ananigeuza, anautazama mgongo wa shati, anacheka. "Leo umelala gari gani?" Nikimwambia nimechoka, hunijibu kwamba hajapata kusikia mtu aliyechoka kwa kulala.

Yeye mwenyewe gari lile alilijua. Uchungu wa kumzaa Salma ulimshika asubuhi ya mvua kubwa, maji yamefika magotini, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilimwendesha kama niliyebeba mayai. Tulipofika nikaenda nyuma kufungua mlango, nikamkuta macho mazito. "Nilisinzia," akasema. "Hili gari lako lina adabu." Katika maisha yangu sijasifiwa sifa iliyonikaa moyoni kuliko hiyo.

Nilihamishiwa, pamoja na gari lile, kituo chetu cha Ganjoni chini ya Daktari wa Kituo, mama wa kutoka bara, Mkristo mcha Mungu, aliyekuwa akiomba kila gari lilipotoka. Baadaye nikapelekwa Kibarani enzi za jaa la taka, mahali ambapo barabara ilikuwa laini ya kudidimiza magurudumu na moshi ulikufuata hadi mezani. Gari lilelile, springi zilezile, halikunitia aibu hata siku moja. Msimamizi wa Gereji alipostaafu nilirudishwa Mji wa Kale nikapewa cheo chake. Aliniachia mafaili na neno moja: "Usiwe mkubwa ukasahau kulala." Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kuagana.

Kisha tukaletewa Mkurugenzi mpya. Sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula vizingiti vya milango ya gari letu, vipuri vyake vilikuwa vikitafutwa kama dawa, na wafadhili waliipa zahanati gari jipya, SUV jeupe, lenye kiyoyozi na injini ya kuvuta nyumba. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hata mimi lilinivutia. Nilipoketi kwenye usukani nikaona vichwa vya watu kwa juu, nilijihisi nimepanda cheo mara ya pili.

Siku ya kulipokea kulikuwa na wageni, viti, maua na mpiga picha katika ua wa kituo cha Ganjoni. Nilivaa shati jeupe jipya ambalo mamake Salma alilipiga pasi mara mbili. Nilikagua breki, taa, gia. Nikafika swali la mwisho. Nikafungua mlango wa nyuma, ambao ulifunguka kwa ubavu na gurudumu la akiba limening'inia, nikaiona sakafu iko juu ya mshipi wangu. Ningehitaji kupanda kwa magoti mbele ya wageni wote, nikalale chali na shati lile. Nikasita. Mkurugenzi akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hayo ya kulala tutayafanya siku nyingine. Wageni wako juani."

Angenilazimisha, nisingejilaumu hivi. Hakunilazimisha. Ningemwambia, "Dakika kumi tu, Bwana Mkurugenzi," angeningoja. Nililionea haya gari, na niliwaonea haya wageni. Nikaandika *Ndiyo*, nikatia sahihi, tukapigwa picha. Siku nyingine haikuja, wala mimi sikuitafuta, kwa sababu mtu aliyekwisha kuandika amelala atakwenda kulala kwa sababu gani? Jioni nilirudi nyumbani na shati jeupe kama lilivyotoka.

Wiki ile ile niliandika fomu ya kuliondoa stesheni wagoni kazini. Mimi mwenyewe nililipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu upande wa Kibarani, nikawapa ufunguo, nikarudi kwa tuktuk.

Haukupita muda, Sista mkuu wa wauguzi alikuja ofisini kwangu. "Mzee, wagonjwa wanalia humo garini. Aliyevunjika mguu wiki jana alilia njia nzima."

"Wagonjwa hulia, Sista. Ndiyo maana wanaitwa wagonjwa."

"Kwenye gari la zamani hawakuwa wakilia hivi."

"La zamani lilikuwa bovu. Hili ni jipya."

Akanitazama, akaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilijua springi za gari lile zimetengenezwa kubeba watu saba na mizigo ya safari za porini, na kwamba mgonjwa mmoja mkondefu hazimjui hata kama yumo. Fundi wa springi hushindwa kujua hilo? Dawa yake nilikuwa nayo: kupunguza majani, kubadilisha shoki. Lakini kulitengeneza gari lililopokelewa juzi kungekuwa kuulizwa kwa nini nililipokea. Nikanyamaza hadi nikastaafu. Waliniaga kwa saa ya ukutani na hotuba. Mkurugenzi alisema nimekuwa jicho la wagonjwa. Nikampa mkono.

Mwaka wa tatu wa kustaafu kwangu, baada ya sala ya adhuhuri, mamake Salma aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu. Mnazijua ngazi za nyumba za kale, zimesimama kama za kupandia mnazi. Nilimkuta chini, mguu umepinda, nyonga imevunjika, na amejiziba mdomo kwa leso asinishtue. Nikapiga simu zahanati. Wakaja upesi, sitawalaumu. Lakini gari halikuingia kichochoroni. Lilisimama Ndia Kuu, na mke wangu akabebwa juu ya machela na vijana wanne kona baada ya kona. Walipofika, mlango ulifunguka kwa ubavu ukagonga ukuta, ikabidi gari lisogezwe mbele huku yeye akingoja juani. Kisha wakamwinua hadi vifuani mwao. Wawili walikuwa warefu na wawili wafupi, machela ikainama upande wa nyonga ile. Nilisikia sauti aliyoitoa, na ninaisikia sasa ninapoandika.

Nilipanda nikachutama ubavuni mwake. Safari yenyewe haifiki robo saa. Kwenye tuta la kwanza gari lilipanda likashuka kwa mshindo, machela ikaruka pamoja na yeye. Nilimpigia dereva kelele apunguze, akapunguza, lakini mwendo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini yetu, kwenye majani ya springi niliyoyajua kwa hesabu. Kwenye tuta la tatu alinishika mkono wa shati.

"Babake Salma."

"Naam."

"Na humu wewe ulilala?"

Alikuwa ananitazama usoni. Dereva alisikia, muuguzi alisikia. Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia nafsi yangu. Ningelitaka niwaambie nilimhurumia yeye.

"Nililala," nikasema.

Akafumba macho. "Basi ni mifupa yangu," akasema. "Nimezeeka."

Hakuinuka tena kitandani. Aliishi miezi saba, na kila jirani aliyekuja kumjulia hali na kulitukana gari, alimkataza. Alikuwa akiwaambia, "Gari halina kosa. Babake Salma alililala mwenyewe. Mwili wangu ndio mbovu." Nami nikiwa nimekaa pale pale mkekani, kikombe cha kahawa mkononi. Mara ngapi nilifungua mdomo, na mara ngapi nikaufunga.

Mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa, mjifunze. Basi nimewaandikia. Majani ya springi, shoki, vidole vinne, yote hayo mtayapata kwa mafundi waliobaki. Mkiniuliza gari gani bora, nitawaambia lile lililoinuliwa kwa kiasi na likabaki karibu na mikono ya wabebaji, na mtanicheka, kwa sababu hayatengenezwi tena na mnayoyataka ni haya ya kuona vichwa vya watu. Nimekwisha kuchoka kubishana. Nilimwendea Mkurugenzi aliyepo sasa nikamweleza habari za springi. Alinisikiliza kwa heshima, akanifungulia faili, akanionyesha fomu. *Ndiyo*, na sahihi yangu chini. "Lakini Mzee, wewe mwenyewe ulilipitisha," akasema. Nikalifunga faili, nikamrudishia. Gari lile bado linabeba watu.

Salma husema nisijitese, kwamba mamake alikufa akiniamini. Huenda. Hilo ndilo linaloniumiza mchana, nalo ni zito. Lakini kuna jingine la usiku, ambalo sijamwambia. Miaka yote ile, kila nilipolala garini, mamake alinigeuza mlangoni akautazama mgongo wa shati langu akacheka. Siku ya wageni pia alinipokea mlangoni, akanigeuza, akautazama mgongo usio na hata chembe ya vumbi. Siku hiyo hakucheka, wala hakuniuliza nimelala gari gani.