Adeke Alitaka Akutwe Pale Pale

Mke wangu Adeke aliuza uji na chapati kando ya barabara ya Malaba, pale malori yanaposimama yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva wengi walimjua. Hawakumjua kwa uji. Walimjua kwa kitabu cha Danieli.

Hakuna aliyekunywa uji wake bila kusikia ndoto ya mfalme wa Babeli. Sanamu kubwa. Kichwa dhahabu, kifua fedha, tumbo shaba, miguu chuma, nyayo chuma na udongo. Halafu jiwe linakuja, jiwe ambalo mkono wa mtu haukulikata. Linapiga nyayo, na sanamu yote inapeperuka kama makapi. Jiwe linakua mlima. Mlima unajaza dunia.

"Kila kipande ni ufalme," aliwaambia. "Babeli ilikuja, ikaenda. Waajemi wakaenda. Wayunani wakaenda. Roma ikaenda. Sisi tuko kwa nyayo. Chini ya nyayo hakuna kitu kingine."

Kariuki, dereva mmoja wa Nakuru, alipenda kumchokoza.

"Mama, leo nimebeba nondo za ujenzi. Mimi ni Roma?"

"Wewe ni kidole cha mguu," Adeke alisema. "Kile cha udongo."

"Basi nikivuka mpaka nitavunjika?"

"Utavunjika hata ukilala hapa. Kunywa uji."

Wenzake walicheka, mmoja akamwaga uji kwa shati. Adeke hakucheka. Watu walidhani ni mzaha wake wa kuuzia. Mimi nililala naye nyumba moja, nilijua anaogopa.

Mimi sikwenda shule. Yeye alifika darasa la nne, akajua kusoma, kwa hivyo yeye ndiye alinisomea. Siku moja nilimuuliza mbona ufalme wa mbinguni unamtetemesha, na ni habari njema.

"Ni njema kwa yule atakayekutwa mahali pake," alisema.

Alilala amevaa gauni la kanisani. Viatu viliwekwa kando ya kitanda, vimeelekea mlango. Akienda kisimani aliwaambia watoto, "Nimeenda kisimani. Nikiulizwa, mjue." Watoto walizoea. Mimi sikuzoea.

Ule mwaka wa korona, mpaka wa Malaba ulipofungwa, malori yalipangana mpaka macho yakachoka kuyafuata. Madereva walilala chini ya malori wakingoja majibu ya kupimwa. Kenya inasema hivi, Uganda inasema vile. Adeke alinishika mkono.

"Unaona, Echodu? Chuma na udongo. Havishikani."

Mkono wake ulikuwa baridi. Asubuhi alipika uji kama kawaida, akawapelekea. Aliogopa akipika.

Baadaye kifua kilimbana. Hakukaa sana kitandani. Lakini alipata nafasi ya kuniambia neno moja, na hilo neno ndilo limenifanya nieleze habari zake.

Sisi Iteso tuna desturi. Marehemu akija kwa ndoto akasema anaona baridi, mifupa yake hutolewa kaburini, ikawekwa juu ya ardhi kwa kivuli cha mti wa ukoo, apate hewa. Isipofanywa hivyo, ugonjwa haukauki nyumbani na mimba hazikai. Mama yake Adeke mwenyewe alitolewa. Adeke alikuwepo.

"Mimi usinitoe," aliniambia. "Hata nikija nikilia kwenu, usinitoe. Huyo hatakuwa mimi. Jiwe likija, nataka nikutwe pale pale utakaponilaza."

Nikasema sawa. Alipokufa, nilimlaza nyuma ya jikoni.

Miaka ilipita. Nyumba ilinyamaza. Halafu kitinda mimba wetu, Brigid, alirudi nyumbani kutoka Burumba, mjini Busia, alikoolewa. Mimba zilikuwa zikimtoka. Safari hii ilikuwa imeshika, na mumewe, tanboi anayesafiri na dereva wa lori siku nyingi, hakuwa na mtu wa kumwachia. Basi akaja kwangu.

Asubuhi moja hakugusa chai.

"Papa, Mama amekuja."

Sikuuliza amekuja wapi. "Anasemaje?"

"Amesimama ndani ya maji. Anasema anaona baridi."

Niliweka kikombe changu chini. Brigid hakujua lile neno la mama yake. Sikuwa nimemwambia mtu. Wiki hiyo hiyo akaanza kutokwa na damu kidogo. Zahanati walisema alale, asibebe kitu. Alilala. Mama yake aliendelea kuja.

Dada yangu Ajiko alisikia, akafika kabla sijamwita.

"Unangoja nini, Echodu? Unangoja Brigid naye aanze kuona baridi?"

Nikamweleza alichosema Adeke.

"Mtu mzima akiwa na homa husema mengi," Ajiko alisema. "Sasa anasema baridi. Msikilize wa sasa."

Emong, mkubwa wa ukoo wetu, alipanga siku. Wanawake walianza kuchachusha ajon, pombe yetu ya wimbi. Niliisikia harufu yake mpaka kitandani, nikawa sili.

Levis, mwinjilisti wa kanisa letu, alikuja na Biblia kwapani.

"Mzee, shetani anajua sura za watu. Mkimtoa yule mama, mmechagua falme za dunia mkaacha ule wa jiwe."

Ajiko alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Siku nyanya yako alipotolewa, ng'ombe alichinjwa. Wewe ulikula maini."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Mtoto mwenye meno."

Nikamuuliza Levis, "Ule mlima unajaza dunia yote?"

"Yote, mzee."

"Hata pale kwa mti wa ukoo?"

Alifikiri. "Hata pale. Lakini si habari ya mahali. Ni habari ya nani unamtii."

"Na Brigid akifa, nitamwambia mama yake nini huko?"

Levis alihamishia Biblia kwapa la pili. Alisema, "Hilo sijui, mzee." Alituombea, akaenda. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetumaini anajua.

Kutoka hapo niliogopa pande mbili. Nikikataa, naweza kumzika Brigid na mtoto wake. Nikikubali, jiwe litakuja, waliolala wataitwa, na Adeke hatakuwa mahali aliposema atakutwa. Mtu anaweza kukosa ufalme kwa sababu mume wake alimhamisha? Sikuwa na wa kumuuliza. Aliyekuwa akinisomea ndiye tuliyekuwa tunabishania mifupa yake.

Siku ilifika. Vijana wa ukoo walichimba asubuhi, umande ukiwa bado kwa nyasi. Brigid aliketi kwa mkeka mlangoni mwa jikoni, mkono juu ya tumbo. Emong alisimama na fimbo yake.

Nilikuwa nangoja maji. Nilijiambia, tukikuta maji, basi ni Adeke kweli, na ana haki ya kulia. Walipokaribia mifupa niliwasimamisha. Nikapiga magoti, nikachukua udongo wa chini kabisa.

Ulikuwa mkavu. Ulipita kati ya vidole kama unga.

"Emong," nikasema, "hapa hakuna maji."

"Maji ya wafu si ya kisima."

"Yeye alisema akija analia, huyo si yeye."

Vijana waliacha majembe. Hakuna aliyeniangalia. Nyuma yangu nikasikia Brigid akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayebana maumivu. Nikageuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa ananiangalia mimi, si kaburi.

"Toeni," nikasema.

Waliitoa mifupa kwa mikono, polepole. Vifungo vya gauni vilikuwa bado vipo. Waliifunga kwa shuka nyeupe, nikaibeba mwenyewe mpaka kwa mti. Ilikuwa myepesi. Nilingoja mbingu ziseme kitu. Malori yaliendelea kunguruma barabarani.

Damu ya Brigid ilikauka. Mimba ilikaa. Alijifungua msichana mzima, mwenye sauti kubwa. Ajiko alipiga vigelegele, akaniambia, "Unaona?"

Sikutaka kuuliza. Nilikaa nikiangalia mtoto akinyonya, nikiona ni afadhali nisijue. Lakini Brigid alikuwa ameanza tena kuacha chai ipoe.

"Mama bado anakuja?" nikasema.

"Anakuja, Papa."

"Bado anaona baridi?"

"Hapana. Hasemi baridi tena." Alimhamisha mtoto titi lingine. "Anazunguka hapo nyuma ya jikoni. Anatafuta kitu. Anauliza ni nani amemtoa."

"Wewe umemjibu?"

"Naogopa kumjibu."

"Akirudi," nikamwambia, "usiseme ni ukoo. Wala usiseme ni Emong. Mwambie ni mimi."