Lenzi Yangu Mikononi mwa Mwingine

Niliporudi Musoma kutoka Dar es Salaam, nilirudi na diploma ya upigaji picha niliyojisomesha mwenyewe kwa kuuza maji ya chupa stendi, na begi la kamera ambalo mkoa mzima wa Mara hakuna aliyekuwa na mfano wake. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Studio yangu ilipata harusi mpaka nyingine nikawa nazikataa.

Aliyeniharibia usingizi ni mpiga picha mmoja kutoka Mwanza. Tulikutana kanisani, na kamera yake ilikuwa ya kampuni nyingine, mpya, isiyotoa sauti hata kidogo. Padri, ambaye alinikunjia uso kila kamera yangu ilipolia, alimwacha yule asogee mpaka karibu na madhabahu. Misa nzima nilitazama mgongo wake. Wiki hiyohiyo nikaamua kuhama kampuni.

Kuhama kampuni si kama kubadilisha simu. Lenzi za kampuni moja haziingii kwenye kamera ya nyingine. Betri hazikubali, flashi haielewani nayo. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, nami nilitupa vyote, hata lenzi yangu ndefu, ile iliyonijengea jina. Aliyeinunua ni dada mmoja wa Nyasura, kule Bunda, aliyeanza kwa kupiga pasipoti kando ya barabara na hajawahi kukanyaga darasa la picha. Alikuwa bado anatumia kampuni niliyoiacha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Palepale moyo ukaniuma.

Mimi na dada huyo tukakutana tena Butiama, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Upande wa binti uliniita mimi, upande wa bwana ulimleta yeye. Mama wa binti alishatuambia wazi kwamba atakayempendeza siku hiyo ndiye atapewa harusi yenyewe, Musoma mjini. Niliitaka harusi ile kuliko zote nilizowahi kupiga, hasa baada ya kuona nani mwingine anaitaka.

Binti hatolewi hivi hivi. Hutangulizwa wasichana wengine waliofunikwa khanga gubigubi, ndugu wa bwana wakikosea wanachekwa, mpaka mwenyewe aletwe na shangazi amfunue. Uso ule wa kwanza ndio picha yenyewe. Shangazi alipoinua khanga, nikazungusha pete ya lenzi niuvute uso karibu. Pete ya kampuni mpya inazunguka kinyume na ile ya zamani. Kichwa kilijua, mkono haukujua. Badala ya uso nikapata turubai, viti vya plastiki na kisogo cha mjomba.

Nikamwomba shangazi amfunike tena kidogo, nirudie.

"Nimfunike nani?" Aliniangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Aliyefunuliwa hafunikwi tena, mwanangu. Huko Dar mlikuwaga mnaolewa mara mbili mbili?"

Wanawake walicheka mpaka MC akapunguza muziki. Dada wa Nyasura hakucheka. Alikuwa anamwonyesha mama wa binti kioo cha kamera yake, na mama analia kwa furaha. Nilisogea nikaiona: chozi limesimama kwenye kope, nyuma yake rangi za khanga zimeyeyuka kama siagi juani. Kuyeyuka kule nakujua. Ni kwa lenzi yangu. Mwanamume aliyemwacha mke kisha akamkuta kwa jirani amenawiri, huyo atanielewa.

Harusi akapewa yeye.

"Kaka, njoo tupige wawili," aliniambia wakati tunafungasha. "Watu watakuwa wengi, peke yangu sitawamaliza."

Nilimjibu kwamba mwenye diploma hawi msaidizi.

Jumamosi ya harusi nilikaa mlangoni mwa studio. Matarumbeta yakaja, pikapu mbele, magari nyuma yamewasha taa. Yeye alikuwa amesimama kwenye pikapu, dada mwingine amemshika kiunoni asianguke, lenzi yangu ndefu mkononi. Akaniona. Akaielekeza kwangu, akabonyeza, wakapita.

Sijaiomba picha hiyo na sitaiomba. Lakini najua imetoka nzuri. Kwa lenzi ile, haiwezi kutoka mbaya.