Digrii niliyomficha Mama Zuhura

Jamani, leo nimefumaniwa kazini. Na digrii.

Mnajua nilivyosota na hii digrii yangu ya falsafa. Kila ofisi swali ni lile lile: "Sasa hiyo inafanya nini?"

Kwa hiyo nilipoomba kazi kwa Mama Zuhura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Babati, nilisema nimeishia kidato cha sita. Akauliza miaka mitatu iliyofuata nilikuwa wapi.

"Nilikuwa mbali, mama."

Akaniajiri.

Leo kaingia mteja. Kumbe tulisoma wote chuo!

"Mwanafalsafa! Digrii yote ile unapima misumari?"

Mama kasikia kila kitu.

Mteja alipotoka nikaungama: ile miaka mitatu nilikuwa chuo kikuu.

Mama akashusha pumzi, mkono kifuani.

"Alhamdulillahi! Mimi nilijua ulikuwa jela. Nikasema kijana kashatumikia, aanze upya."

JELA, jamani!

Ndiyo maana hajawahi kuniacha peke yangu na droo ya pesa. Leo adhuhuri kaenda kuswali, ufunguo wa droo kaniachia mkononi.

Sasa atakayeniuliza tena falsafa inafanya nini, jibu ninalo.

Inathibitisha hukuwa jela.