Mgeni Aliyetazama Mikono

Mwigizaji yule wa kike, ambaye watu wa Dar es Salaam walijaza ukumbi kumwona jukwaani, alipanga chumba kwetu Karatu mwaka 1976 alipokuja kucheza filamu kule Ngorongoro. Nilitegemea sauti kubwa. Kumbe alizungumza taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kila jioni alirudi na vumbi jekundu kwenye nyusi, na kabla hata ya kuoga alivuta kigoda jikoni akatazama mikono ya mama ikichambua maharage. Uso hakuutazama. Vidole vyake mgeni navyo vilicheza mapajani, vikichambua maharage yasiyokuwepo.

“Mama Antonia, mbona kila ukitaka kukaa unagusa nguzo?”

“Nguzo gani? Mimi sigusi nguzo,” mama alimjibu, akaigusa, akakaa. Mgeni hakucheka. Alikwenda mlangoni, akarudi, akagusa, akakaa, akarudia tena na tena mpaka mama akaniambia, “Antonia, huyu mgeni wenu atanimaliza.”

Mvua za mwaka uliofuata, mama alifariki. Filamu ilipoletwa ukumbi wa parokia, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, nilikaa benchi moja na baba. Kwenye kitambaa cheupe akatokea mwigizaji yule, sasa ni mke wa mkulima, anaingia jikoni na mzigo wa kuni. Nilikuwa na hamu ya kuona kama amekumbuka. Akautua mzigo, akanyoosha mkono, akaigusa nguzo.

Baba alijisogeza mpaka mwisho wa benchi, akaipangusa kwa kiganja nafasi ya mtu mmoja aliyoiacha kati yetu.