Mtu wa Kumlaza Baba

Baba hakumwogopa daktari wa kupasua. Alimwogopa wa kulaza.

"Wa kisu namwelewa," aliniambia, ameketi kwenye kigoda chake kando ya mikeka ya kakao. "Anakata, anashona, anaenda zake. Lakini huyu wa usingizi ndiye anayeishika roho. Nitafutie huyo kwanza. Usipompata, nakaa na ngiri yangu."

Ngiri hiyo alikaa nayo miaka mingi, akiiita kauvimbe, mpaka ikafika siku hawezi kuinama kwenye mpunga bila kung'ata meno. Daktari alitueleza wazi, wote wawili: utumbo ukinasa humo, hatutakuwa tena na nafasi ya kuchagua siku. Mimi nilimsikia. Baba naye alimsikia, ila alikuwa anamkumbuka mwenzake, mzee wa kanisa aliyelima naye bonde moja tangu ujana wao. Huyo alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo tu, mbali na huku, akapigwa nusu kaputi huku anasimulia habari za ng'ombe wake, na hakuamka. Baba alibeba jeneza lake. Tangu hapo ukitaja hospitali, yeye anauliza habari za usingizi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari pale Kyela mjini, tena ni mtoto wa kwanza. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, majirani wanapata tabu. Niliingia hospitalini, nikaenda dirisha la kwanza nililoliona, nikauliza: nani analaza watu hapa, alisomea wapi, na leseni yake ni hai au imekwisha?

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, wengine huuliza wodi iko wapi."

"Wodi nitaiona mwenyewe."

Akanielekeza dirisha la bima, nadhani ili kunipunguza pale kwake. Dirisha la bima alikaa dada mmoja mpole, mtoto wa wenye maduka ya vitambaa mjini, ushungi wake umenyooka kama umepigwa pasi akiwa ameshauvaa. Baba yumo kwenye bima yangu kama tegemezi. Dada aliichukua kadi, akaihakiki, akaniambia upasuaji wa ngiri unalipwa na usingizi wake umo humo humo.

"Nikileta mtu wa usingizi wangu mwenyewe?"

"Wako mwenyewe?" Akatabasamu. "Mwalimu, bima inamlipia aliye hapa. Ukitoka na wako Mbeya, huyo ni juu yako."

Niliuliza hivyo kwa sababu nilikuwa na mtu. Mwalimu mwenzangu alinipa namba ya mstaafu mmoja ambaye, kwa maelezo yake, alilaza nusu ya mkoa. Nilipompigia alikuwa mchangamfu mno. Nikamwomba namba yake ya usajili. Akasema iko kwenye begi. Nikamwomba afungue begi. Akasema begi liko Tukuyu. Nikamuuliza yeye yuko wapi, akasema Tukuyu. Hapo nikamshukuru, nikakata simu, nikacheka peke yangu barabarani mpaka mwenye mkokoteni akasimama kunisubiri nimalize.

Mbeya kwenyewe baba alikwisha kataa. Alisema hawezi kufia kwenye baridi.

Nikarudi kwa yule muuguzi. Akaniambia wa usingizi wako wawili, mmoja ameenda masomoni, aliyebaki ni daktari mwanamke, hajamaliza hata miaka miwili hapo, na kila anayemlaza anaamka. Nikaomba jina na namba ya usajili. Nilitegemea kuzungushwa, lakini baada ya muda mfupi muuguzi alirudi na kikaratasi, akasema daktari mwenyewe ameandika, na amefurahi kuulizwa kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Orodha ya baraza la madaktari siku hizi mtu anaipata kwa simu, isipokuwa kwetu Ikolo mtandao unapatikana ukisimama mahali pamoja tu, kati ya choo na mikeka ya kakao. Nikasimama hapo. Jina lilikuwepo, leseni hai, shahada mbili. Jina lenyewe lilikuwa la watu wa ziwani, Wakisi, wala halikuniambia kitu. Nikamsomea baba. Akasema, "Karatasi ni nzuri. Kamtazame mtu."

Nikaenda kumtazama mtu. Alitoka chumba cha upasuaji amevaa kofia na barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana, na macho hayo yalikuwa yanacheka kabla sijasema neno. Akashusha barakoa.

"Wifi," akasema. "Kumbe ni wewe unayenipeleleza?"

Alikuwa mke wa mdogo wangu, yule mtoto wa baba mdogo, ambaye nyumba yao na ya baba zimetenganishwa na migomba tu. Jamani, niliona aibu! Lakini ningemjulia wapi? Harusi ilifungwa Dodoma sikwenda, sherehe ya nyumbani alikuwa amejitanda kitenge anatazama chini kama bibi harusi yeyote, na Jumapili nikija kijijini yeye yuko zamu. Nyumbani hakuna aliyemtaja kwa jina. Wote walisema mkamwana, na ukiuliza anafanya kazi gani walisema nesi, kwani kwetu mwanamke yeyote wa hospitali ni nesi. Tulikumbatiana tukacheka. Halafu tukaachiana, maana sote tulikuwa tumekumbuka jambo moja.

"Baba mkwe," akasema.

Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na kaka wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Mkamwana hamtaji jina, hapiti naye njia moja, wakikaribia kukutana yeye anapisha. Vijana wa mjini wameshaacha. Baba hajaacha, na wala si kwa ukali. Ndivyo anavyojua kumheshimu binti wa watu. Akikaribia kona ya kwa baba mdogo hukohoa kikohozi kirefu cha makusudi, ili mkamwana apate muda wa kuingia ndani. Mkungu wa ndizi ukikomaa anauegemeza kwenye ua wao na kuondoka bila kubisha hodi. Na tangu mama yetu afariki, chakula cha jioni cha baba kinapikwa na mkamwana huyo, kinaletwa na mama mdogo, wali na samaki wakavu kutoka Lyulilo, kwao. Walikuwa wanatunzana namna hiyo na hawajawahi kutazamana.

Jioni nikamwambia baba. Aliendelea kugeuza kakao kwenye mkeka hadi nikaanza kukasirika, kwa sababu mimi nikiogopa hukasirika.

"Ndiye huyo wa samaki?" akauliza.

"Ndiye."

"Ataniona?"

Wifi alikuwa ameniambia la kujibu, nami nikalisema kama alivyolisema. Kwamba kumtazama mgonjwa ni kazi yake, hilo hawezi kuliacha. Lakini baba asimwone yeye, hilo anaweza kumpa. Hatampiga nusu kaputi. Atamchoma sindano ya mgongo, ya kufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, na sindano hiyo mgonjwa hukaa amempa mgongo anayechoma. Akishalazwa, daktari wa usingizi husimama nyuma ya kichwa chake.

Baba aliokota punje ya kakao, akaibonyeza, akaitupa. "Mwaka mzima nimekula chumvi yake," akasema. "Haijazidi, haijapungua. Mtu anayejua kipimo namna hiyo, na dawa atajua." Nikadhani amemaliza. "Basi anione," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilizunguka madirisha yote yale, na baba leseni ya mkamwana wake alikuwa anaisoma kila jioni kwenye sahani. Nilitamani kumkumbatia, ila kwetu baba hakumbatiwi ovyo. Nikaenda kumkorogea uji.

Siku moja kabla ya upasuaji wifi alitakiwa kumuuliza maswali. Akasimama kwenye korido, baba kitandani ndani, mimi mlangoni katikati yao.

"Ana meno ya bandia?" akauliza wifi.

"Anauliza kama una meno ya bandia."

"Nimesikia," akasema baba. "Mwambie meno yangu yote ni ya Mungu."

"Nimesikia," akasema wifi. "Muulize kama dawa za presha anameza kila siku."

Baba akaanza kunyoosha shuka. Wifi akasema taratibu kwamba mama mdogo alikwisha mweleza, vidonge huwa vinabaki, na mimi nimwambie baba kwamba kesho presha ikiwa juu hatamchoma mtu sindano. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka hadi mmoja akashika mshono wake. Vidonge vya jioni ile baba alimeza bila kukumbushwa.

Asubuhi wakamchukua. Nilibaki kwenye benchi na mama mdogo, na ujasiri wangu wote ukaniisha. Akilini nilimwona yule mzee wa kanisa anasimulia habari za ng'ombe wake. Nikajiuliza, leseni ni hai, sawa, lakini baba je? Mama mdogo alinishika goti, akalishikilia. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, nikakaa tena, nikasimama.

Mwishowe alitoka muuguzi, yule yule wa dirisha la kwanza, amekuja kuchukua kitu. Nikamkimbilia.

"Baba yako anakoroma," akasema.

"Anakoroma vipi? Si mlisema mnamchoma mgongo tu? Nani amempa usingizi?"

"Hakuna aliyempa. Daktari alimwambia yuko hapo hapo nyuma, haendi popote. Mzee akasema ndaga, asante, mwanangu. Kidogo tu tukasikia anakoroma."

Nilikaa chini kwenye sakafu, mwalimu mzima, nikalia. Mama mdogo naye akalia, kisha akaniambia niinuke, sakafu ni ya baridi.

Nilipompeleka nyumbani nilimuuliza baba. Miaka yote umeogopa usingizi, halafu unakwenda kulala mwenyewe, tena umefunguliwa tumbo? Akajibu kwa neno moja kama nimeuliza jambo la kitoto: "Nilichoka." Tulipofika kwenye migomba akaongeza, "Alikuwa nyuma yangu."

Kulikuwa na amri moja ya daktari iliyobaki. Mshono haukutaka kikohozi, hata kidogo, na baba alipoanza kutembea na fimbo yake hakuweza kupita kona ya kwa baba mdogo bila kukohoa. Alikuwa anasimama pale amekwama. Wifi akanituma: mwambie baba asikohoe, nitakohoa mimi.

Ikawa hivyo. Akisikia fimbo inakuja, wifi anakohoa kutoka uani, kikohozi kirefu cha makusudi, na baba ndiye anayegeukia migomba na kusubiri mpaka mkamwana aingie ndani. Mshono umepona zamani, na mpunga anavuna mwenyewe. Bado wifi anakohoa, na baba bado anageuka.